Mtoto Aliye Tumboni na Barabara ya Takaba



Mada yetu ni kufuatilia afya ya mtoto akiwa bado tumboni. Vitabu vya ukunga vimelieleza jambo hili vizuri, ila vingi viliandikwa na watu wanaoishi jirani na chumba cha upasuaji. Takaba, huku Mandera Magharibi, iko kwingine. Chukua ramani upige mstari ulionyooka: kutoka hapa hadi Mandera mjini ni karibu kilomita 190, hadi Wajir ni karibu hivyo hivyo, na hadi Moyale ni zaidi ya 100. Gari halipiti kwenye mstari. Linazunguka, linakwama kwenye mchanga, na mvua za Gu zikinyesha linasimama ukingoni mwa laga likingoja maji yapungue. Takaba yenyewe ina hospitali ya kaunti ndogo, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini wengi wanaoitegemea hawaishi mjini. Wako Dandu, wako Gither, wako Lagsure, na wengine wako malishoni ambako leo si mahali pa jana.

Kwa sababu hiyo, dalili ya hatari hapa haipimwi kwa ukubwa wake peke yake. Inapimwa pamoja na barabara. Jambo ambalo Nairobi linaweza kusubiri mpaka kesho asubuhi, hapa lilifaa kujulikana wiki mbili zilizopita. Hilo ndilo nililokuja kusema, na mengine yote yanatoka hapo.

Umbali huu haukuletwa na ardhi peke yake. Hali ya hatari iliyotangazwa katika eneo hili Desemba 1963 haikuondolewa mpaka 1991. Mwaka 1965 Waraka wa Serikali Namba 10 ulielekeza fedha za maendeleo kwenye sehemu zilizoonekana kuwa na rutuba na mazao ya haraka, na nchi ya wafugaji ikaachwa ingoje. Mama zetu na nyanya zetu walizaa katika miaka hiyo. Afya ilipokabidhiwa kaunti mwaka 2013, kazi ilianza karibu na mwanzo kabisa. Halafu, Novemba 2014, basi lililotoka Mandera mjini lilishambuliwa na watu 28 wakauawa. Siku chache baadaye, tarehe 2 Desemba, wengine 36 waliuawa kwenye machimbo ya mawe. Walimu na wauguzi wengi waliotoka kaunti nyingine walifunga mizigo. Aprili 2019 madaktari wawili wa Kuba walitekwa Mandera mjini wakienda kazini. Nayataja haya kwa sababu mama asipofika kliniki ni rahisi kumlaumu yeye, na mara nyingi kliniki ndiyo iliyomkimbia kwanza.

Matokeo yake yameandikwa. Takwimu zilizotolewa mwaka 2014 na Shirika la Idadi ya Watu la Umoja wa Mataifa, zikitokana na sensa ya 2009, zilisema kwamba Mandera hufa akina mama 3,795 kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai. Makadirio ya nchi nzima katika utafiti wa afya wa 2014 yalikuwa 362. Hesabu za sensa zina udhaifu wake, na sitaki mtu aondoke hapa akidhani kila tarakimu ni amana. Lakini hata ukiipunguza ile ya kwanza kwa nusu, pengo linabaki la kutisha. Na mama akifa akijifungua, mtoto mara nyingi humfuata, naye hakuna anayemhesabu.

Sasa tuanze na jambo ambalo watu hulipita haraka: umri wa mimba. Huwezi kujua kama mtoto amekua vya kutosha bila kujua ana wiki ngapi. Muuguzi aliyefunzwa Nairobi au Nakuru humwuliza mama tarehe ya hedhi ya mwisho kwa Januari na Februari. Mama hajui, muuguzi anaandika makisio, na kuanzia hapo kila kipimo kinategemea makisio hayo. Kumbe mama huyo anajua vizuri sana. Anajua kwamba ilikuwa siku tatu baada ya mwezi wa Shaabani kuandama, au usiku wa nusu ya Rajabu. Mwanamke Mwislamu huhesabu siku zake za tohara kwa ajili ya swala. Hesabu anayo, tunachokosea ni kumwuliza kwa kalenda isiyo yake.

Mimba, kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, huenda siku 280, nazo ni miezi mwandamo tisa na nusu. Aliyeona damu mara ya mwisho mwezi mosi Shaabani atarajie katikati ya Jumadal-Ula. Akihesabu miezi tisa mikamilifu tangu damu ile, atadhani amepitiliza ilhali bado wiki mbili. Na wiki ya 36, ambayo nitaitaja tena, huangukia miezi minane na nusu, yaani mwezi mmoja kabla ya kujifungua. Wauguzi, tafadhali andikeni tarehe zote mbili kwenye kijitabu cha mama na mtoto. Mama ataikumbuka ile ya mwezi mwandamo hata kijitabu kikilowa.

Mwenye kuweza apate pia skani kabla ya wiki ya 24. Ndivyo Shirika la Afya Duniani linavyopendekeza tangu 2016. Sababu kubwa ni kwamba mapema watoto wote hukua kwa kasi inayokaribiana, kwa hiyo picha inakupa umri kwa makosa ya siku chache tu. Ukingoja mwezi wa nane, picha ile ile inaweza kukosea kwa wiki tatu. Skani ya mapema huonyesha pia pacha, na mahali kondo la nyuma lilipojishika. Wako watu wanaoilipia mwishoni ili wajue ni wa kiume au wa kike. Fedha hiyo ingemfaa mtoto zaidi miezi minne kabla.

Shirika hilo hilo liliongeza mahudhurio ya kliniki kutoka manne hadi manane, la kwanza likiwa ndani ya wiki 12. Nane ndiyo haki ya kila mama. Lakini utafiti wa kitaifa wa 2022 ulionyesha kwamba hata Kenya nzima ni karibu theluthi mbili tu ya wanawake waliofikisha manne. Kwa familia inayohama na ngamia, nitasema wazi lile ambalo mabango hayasemi: yakikushinda yote, usiache la mapema na usiache la wiki ya 36. La mapema hutoa umri, kundi la damu na presha ya kuanzia. La wiki ya 36 huonyesha mtoto amelalaje. Akiwa ametanguliza matako, au amekaa kimshazari, au wako wawili, mama ana mwezi mzima wa kusogea karibu na hospitali, akae kwa shangazi au kwa binamu, uchungu umkute hapo. Mlalo huo ukigunduliwa uchungu ukiwa umeanza, na mama yuko mwendo wa siku kutoka mjini, hata mkunga hodari hana la kufanya isipokuwa kuomba.

Kipimo kingine hakipo kliniki kabisa. Anacho mama.

Mtoto huanza kuhisiwa akicheza kati ya wiki ya 16 na 20, na mwenye mimba ya kwanza huchelewa kidogo. Kufikia wiki ya 28 kila mtoto ana tabia yake. Kuna anayechangamka baada ya Isha mama akilala, kuna anayepiga mateke mama akimaliza kula. Hulala pia, kwa kawaida dakika 20 hadi 40, na ni nadra kupita dakika 90. Kwa hiyo hakuna idadi moja ya kuwapa akina mama wote. Kipimo cha kweli ni mtoto wako alivyokuwa jana na juzi.

Akina mama, kuna msemo unaosambaa kwamba mtoto hupunguza kucheza mwezi wa mwisho kwa kuwa nafasi imembana. Si kweli, na umegharimu watoto. Namna ya kucheza hubadilika, anakuwa mtu wa kujinyoosha na kujigeuza zaidi kuliko kupiga mateke, lakini hachezi kidogo. Kondo la nyuma likianza kushindwa kumpa hewa ya oksijeni ya kutosha, mtoto hupunguza mwendo wa mikono na miguu ili kinachobaki kiende kwenye moyo na ubongo. Ukimya wake ni kubana matumizi. Huweza kudumu saa nyingi, hata siku, kabla moyo haujasimama, na katika saa hizo bado anaweza kuokolewa.

Mama anayechota maji na kupasua kuni hana nafasi ya kumsikiliza mtoto mchana kutwa, hilo naelewa. Basi achague wakati mmoja kila siku, ule ambao mtoto amezoea kuchangamka. Akiwa na shaka, aache kazi, alale ubavu wa kushoto, asikilize kwa saa mbili. Asipohisi hata mara kumi, safari ianze. Asingoje mume arudi kutoka kisimani, asingoje kujaribu chai yenye sukari nyingi halafu alale aone kesho. Aliye mbali ampigie simu mhudumu wa afya ya jamii muda huo huo, maana kutafuta gari nako ni saa.

Lazima niwe mkweli hapa. Uingereza na Ireland walifanya utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2018, hospitali 33, wajawazito zaidi ya 400,000. Waliwafundisha akina mama kuwa macho na mchezo wa mtoto, na wakawapa wahudumu utaratibu wa kufuata. Watoto waliozaliwa wafu hawakupungua kwa kiasi cha kuthibitika, ila akina mama walioanzishiwa uchungu na waliopasuliwa waliongezeka. Je, ina maana mchezo wa mtoto hauna maana? Sivyo ninavyousoma utafiti huo. Kule vifo hivyo vilikuwa vichache tayari, na hospitali iko karibu. Somo ninalolichukua ni kwamba kumfundisha mama peke yake hakutoshi. Mama akifika hospitalini na kusema mtoto amenyamaza, anayempokea ni nani, na ana nini mkononi?

Kitu cha kwanza kuwa nacho mkononi ni cha bei rahisi. Adolphe Pinard, daktari wa uzazi wa Kifaransa, aliileta ile pembe ya kusikilizia mwaka 1895. Leo tunaiita fetoskopu, na iko ya mbao, ya bati na ya plastiki. Haina betri, haingoji umeme wa jua, na ikianguka mchangani unaifuta unaendelea. Moyo wa mtoto hupiga mara 110 hadi 160 kwa dakika, karibu mara mbili ya moyo wa mama, kwa hiyo mshike mama mkono usikilize mpigo wake huku unasikiliza wa mtoto, usije ukahesabu wa mama ukafurahi bure. Dopla ni nzuri pia, na mama husikia mwenyewe, lakini nimeona vifaa vingi vikilala kabatini kwa kukosa betri wakati fetoskopu iko droo ya chini.

Tepu ya fundi cherehani nayo inatosha. Kuanzia kama wiki ya 24, urefu wa tumbo kutoka mfupa wa kinena hadi juu ya mfuko wa uzazi hukaribiana na idadi ya wiki kwa sentimita, mbili zaidi au mbili pungufu. Kipimo kimoja hakisemi mengi. Vinne vilivyopangwa kwenye kijitabu kimoja husema kama mtoto anapanda au amesimama.

Na mtoto husomwa pia kupitia kwa mama. Presha ikifika 140 kwa 90, na protini ikionekana kwenye mkojo, kondo la nyuma liko mashakani hata kama mama anacheka. Kichwa kinachouma bila kupoa, macho kuona ukungu, maumivu chini ya mbavu, uso kuvimba: hizo ni dalili za kifafa cha mimba kinachokuja. Hapa barabara inaingia tena. Magnesiamu salfeti hupunguza kwa zaidi ya nusu hatari ya degedege hilo, hayo yalithibitishwa mwaka 2002, na dozi ya kwanza inaweza kudungwa kabla gari halijaondoka. Mama asipakiwe kwa safari ya usiku kucha bila sindano hiyo. Tangu Septemba 2023 wahudumu wa afya ya jamii walianza kupewa mikoba yenye mashine ya presha. Kama mkoba umefika kijijini kwenu, mwiteni mhudumu aufungue.

Juu ya chakula nitasema maneno machache tu. Kuna akina mama wanaojinyima miezi ya mwisho ili mtoto awe mdogo, atoke kwa urahisi, wakwepe kisu. Mtoto aliyedumaa tumboni huvumilia uchungu vibaya zaidi, na ndiye anayeishia kwenye kisu. Mama ambaye mkono wake wa juu una mzingo chini ya sentimita 21 anastahili chakula cha nyongeza, aulize. Vidonge vya damu visinywewe na chai, maana chai huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini, vipishane saa moja au mbili. Na Ramadhani, mashekhe mnajua kuliko mimi: mjamzito anayejihofia au anayemhofia mtoto ana ruhusa. Mkiitamka ninyi msikitini, itasikika kuliko nikiitamka mimi.

Kuna jambo zito ambalo kliniki hulinyamazia kwa haya. Wengi wa mama zetu walitahiriwa na kushonwa. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani wa 2006, wa wanawake zaidi ya 28,000 katika nchi sita, Kenya ikiwemo, uliona kwamba ukeketaji huongeza upasuaji, kutokwa damu na vifo vya watoto wakati wa kuzaliwa, na kadiri mshono ulivyo mkubwa ndivyo hatari inavyozidi. Mama huyo aangaliwe na mkunga mwanamke, kwa siri, kabla ya uchungu, ijulikane atafunguliwa lini na nani. Akishafunguliwa, sheria ya 2011 dhidi ya ukeketaji imekataza kumshona tena, na afya yake ilikataza zamani.

Nifike kwenye uchungu wenyewe, maana zaidi ya asilimia 40 ya watoto wanaozaliwa wafu duniani hufa wakati huo, baada ya miezi tisa ya kukua salama. Mwaka 1972, Rhodesia, nchi ambayo leo ni Zimbabwe, Hugh Philpott na mwenzake Castle walichapisha chati kwa ajili ya wakunga wa vituo vya mbali. Waliweka juu yake mistari miwili. Njia ya uzazi ikifunguka polepole kuliko mstari wa kwanza, mkunga anatahadhari na kumtoa mama kituoni. Ikifika wa pili, hospitali inachukua hatua. Kati ya mistari hiyo waliacha saa nne, na saa hizo zilikuwa pia muda wa kumfikisha mama hospitali kuu. Yaani chati iliyofundishwa dunia nzima ilikuwa na barabara ndani yake tangu siku ya kwanza! Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya mwaka 2020 na kuuondoa mstari uleule kwa wote, kwa kuwa kila mama ana kasi yake. Nakubaliana nao. Lakini tukiuweka mwongozo mpya ukutani, tusiitupe hekima ya Philpott na Castle. Kila kituo cha Mandera Magharibi kingekuwa na saa zake zilizoandikwa: kutoka hapa hadi chumba cha upasuaji, kiangazi ni saa ngapi, mvua ni saa ngapi. Mkunga wa kituo chenye saa tisa hawezi kungoja dalili ile ile inayongojwa na mwenye saa moja.

Katika uchungu moyo wa mtoto usikilizwe angalau kila nusu saa, na mama anaposukuma, kila dakika tano. Akiwa yuko njiani, usikilizwe garini. Ummuliso, yaani mkunga wa jadi, aliyekaa na mama usiku kucha asifukuzwe mlangoni. Yeye anajua uchungu ulianza saa ngapi na maji yalivunjika lini, yalikuwa na rangi gani. Maji ya kijani maana yake mtoto amejisaidia ndani, na habari hiyo ni yake. Aulizwe kwa heshima, akae, amshike mama mkono.

Wazee, fungu lenu limebaki mwishoni, wala si dogo. Mara nyingi gari lipo, daktari yupo, na karatasi ya idhini ya upasuaji haijatiwa sahihi kwa kuwa mume yuko malishoni na mjomba haonekani, au ndugu wanabishana nani atatoa damu. Mtoto aliyenyamaza hahesabu vikao. Naomba mambo hayo yazungumzwe nyumbani mwezi wa saba: nani ataandamana naye, nani ana damu ya kundi lake, gari la nani, ng'ombe au mbuzi gani atauzwa. Mama mwenyewe akiwa mtu mzima mwenye akili timamu, sahihi yake inatosha kisheria. Mume amwambie mbele ya watu: sikuwepo, usiningoje.

Na mtoto akifa pamoja na yote hayo, aandikwe. Kila hospitali ya Kenya inatakiwa kukaa na kuchunguza vifo vya akina mama na vya watoto wachanga, na waliozaliwa wafu wamo. Lakini waliofia Gither au kando ya laga huzikwa kabla ya Adhuhuri na hawaingii daftarini. Wahudumu wa afya ya jamii, kwa watoto hao ziandikeni nyakati tatu: saa mama alipoona kuna tatizo, saa safari ilipoanza, na saa alipofika au gari liliposhindwa. Zipelekwe kwenye kikao cha afya cha kaunti ndogo kila mwezi zikiwa na jina la kijiji. Fedha za barabara na za ambulensi zikigawanywa Mandera, mwakilishi wa wadi awe na karatasi hiyo mkononi.